Moja Ni ya Besi

Shikamoo ya kwanza haikujibiwa. Sindano akadhani mjomba hakusikia. Mtu aliyekaa miaka thelathini na mmoja mbele ya spika ana ruhusa ya kutosikia. Akasogea mpaka kizingitini, akatua mfuko wa mashati ya bendi aliyoyapiga pasi asubuhi ile, akarudia kwa sauti ya kuamsha mtaa: "Shikamoo, mjomba!"

Mjomba akafungua ukurasa mwingine wa gazeti. Lilikuwa gazeti la wiki iliyopita, na alishalisoma lote.

Jamani, yako matusi na matusi. Mtu akikutukana njiani utamjibu, mtagombana, yataisha. Lakini shikamoo ya mtoto uliyemlea mwenyewe, uliyemnunulia viatu vya shule, unaiacha ining'inie mlangoni hivihivi! Sindano alikuwa na miaka ishirini na tisa, na jambo hilo lilikuwa halijamtokea hata siku moja. Masikio yakamwaka moto.

Mkazamjomba akatoka jikoni akifuta mikono. "Yaache mashati hapo, mwanangu, uende zako. Amenuna tangu Jumanne. Mimi mwenyewe ananijibu kwa nyusi."

"Nimemkosea nini?"

"Ningejua ningekwisha kukuombea radhi, nipumzike. Nenda."

Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi bendi ilikuwa inaingia studio, na Jumamosi hiyohiyo mjomba alitakiwa kumtaja mtu wa kukaa kwenye kiti chake. Alikuwa mpiga tumba, na mji mzima ulimwita Mzee Kofi kwa jinsi kiganja chake kilivyolia juu ya ngozi. Mwezi uliopita kifundo cha mkono wake wa kulia kilikataa. Daktari alikifunga bendeji, akamwambia achague: tumba au mkono. Na bendi ile ilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuivunja, kwamba kiti hutolewa na aliyekikalia. Si kiongozi, si kura, si vigelegele vya watu. Sindano alikitaka kiti kile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, pamoja na yule mume aliyemtaka sana halafu akaghairi.

Jina la Sindano alipewa na wanabendi kwa kuwa ndiye aliyewashonea sare. Chumba chake cha cherehani kilipakana na ukumbi wa mazoezi, ukuta mmoja wa unene wa tofali moja, na alikuwa ndani ya chumba hicho tangu akiwa mwanagenzi wa miaka kumi na mitano. Kila siku saa tisa alasiri, kabla wenzake hawajafika, mjomba alikuja peke yake kupiga tumba zake. Na kila siku saa tisa Sindano aliacha kukanyaga cherehani, akageukia meza ya kukatia, akapiga naye. Mjomba hakuwahi kumfundisha. "Mikono ya kushonea haipigi tumba," alimwambia mara moja, zamani hizo. "Kiganja kikiota sugu, hariri itanasa, wateja watakukimbia." Basi, asiyefunzwa na mjombaye hufunzwa na ukuta. Sindano alijifunza pigo kwa pigo, mpaka akawa anaweza kupiga huku akiwaza zipu na vifungo.

Mkono wa mjomba ulipokataa, kiongozi wa bendi alimwita Sindano azibe pengo kwenye dansi moja katika ukumbi wa mjini. Kiongozi huyo alikuwa mpiga besi, kwa hiyo kila mtu alimwita Besi, na tumbo lake lilibeba gitaa bila kuhitaji mkanda. Sindano akaziba pengo. Lo! Watu walicheza mpaka viatu vikapotea. Walikuwa wakijikwaa, wanacheka, wanarudi kujikwaa tena. Jumanne mtangazaji wa redio akasema, kwa ile sauti yao ya kutafuna maneno, kwamba mpwa wa Mzee Kofi ameigeuza ngoma ya mjomba wake miguu juu kichwa chini, na fanki ya zamani, ule muziki wa bendi yao, imekwisha. Sindano alicheka. Ageuze nini? Alipiga kilekile alichokisikia maisha yake yote. Watangazaji nao lazima waseme kitu, ndiyo kazi yao.

Mchana wa Alhamisi ile akaja Daftari na suruali ya kupunguza. Daftari alikuwa mwoka mikate, unga haumtoki kwenye kope, na alikuwa mwanafunzi wa mjomba kwa miaka kumi na mmoja. Kila alichofundishwa alikiandika kwenye daftari la shule, pigo moja kwenye kila mraba, ndipo likamganda jina. Alipopiga tumba hakukosea hata nukta, na ukishatoka ukumbini hukumbuki kama alikuwepo. Naye alikitaka kiti.

"Simama wima," Sindano akamwambia, pini mdomoni. "Ukiinama hivyo nitakukatia kaptura."

Daftari akasimama wima. Kisha akasema, akitazama juu: "Dada, nikuulize kitu, usikasirike. Wewe huwa unaingia wapi?"

"Kwenye moja. Kama mjomba."

"Mzee haingii kwenye moja."

"Acha utani."

"Mimi nina utani?"

Hakuwa nao, na hilo lilijulikana mpaka sokoni. Sindano akatoa pini mdomoni.

Daftari akachukua rula ya mbao, akaanza kugonga meza polepole huku akihesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Moja, mbili, tatu, nne. "Kwenye fanki kila kitu kinaangukia moja," alisema. "Besi inaangukia moja, dramu inaangukia moja, mchezaji anakanyaga moja. Sasa mkono wa mzee, yaani upigaji wake huu wa asili, unaiacha moja. Hapo hapigi kitu. Ameinua mikono tu. Anaanza mbili." Akafungua daftari lake. Mistari kwa mistari ya miraba, na mraba wa kwanza wa kila mstari ulikuwa mtupu. Ukurasa wa mbele kabisa mjomba alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, kwa herufi kubwa: MOJA NI YA BESI. USIGUSE.

Sindano akaitazama miraba ile mitupu.

Upande wa pili wa ukuta hakukuwa na besi. Hakukuwa na dramu. Kulikuwa na mzee peke yake, anahesabu moyoni, anainua mikono kwenye moja, anapiga kwenye mbili. Na msichana wa upande huu alisikia nini? Alisikia pigo la kwanza. Pigo la kwanza utaliitaje kama si moja? Kimya hakipiti ukutani. Mbili ya mjomba ndiyo iliyokuwa moja yake kwa miaka kumi na minne. Alipokaa na bendi aliuleta mkono mzima, kila pigo mahali pake, ila wote umewahi kwa hesabu moja. Pale mjomba anaponyamaza yeye alipiga, na pale mjomba anapomalizia kofi lake la mwisho yeye aliacha shimo, kabla tu ya moja, kama kukosa ngazi unaposhuka. Hapo ndipo watu walipokuwa wakijikwaa na kucheka.

Utasema: kwani hakuwahi kuisikia bendi nzima? Aliisikia, tena sana. Lakini bendi nzima ni tarumbeta, na magitaa, na watu wanaitana. Tumba humo ni kama chumvi, unaionja huioni. Na sikio likishazoea husikia linachotaka.

"Watu wanasema umebuni mtindo," Daftari akasema, si kwa ubaya, Sindano alipokwisha kumweleza habari ya ukuta. "Mzee naye anasema umempiga kofi hadharani. Kwake yeye kugusa moja ni kama kwenda ukweni ukakalia kiti cha baba mkwe. Kumbe hakuna mtindo, hakuna dharau. Ni kosa tu."

"Utawaambia?"

"Nikiulizwa, sidanganyi."

"Na kiti unakitaka."

"Miaka kumi na mmoja, dada. Unataka nikuambie sikitaki?"

Sindano akapiga magoti, akaendelea kupima pindo la suruali. Akamchoma pini kwenye kifundo cha mguu, na wala hakukusudia.

Ijumaa asubuhi alirudi kwa mjomba, na safari hii hakuamkia. Mzee alikuwa mezani na chai yake. Sindano akasogeza kikombe pembeni, akasogeza sahani, akaweka viganja vyake juu ya ubao, akaanza kupiga.

Mjomba akanyanyuka nusu. "Mezani kwangu?"

Hakuacha. Angeacha angelia. Bila besi ya kuwahukumu hapakuwa na moja wala mbili pale. Palikuwa na mkono mtupu, na mkono ulikuwa wa mjomba. Mzee akaketi tena, taratibu. Baada ya kila kofi kidole cha pete cha Sindano kilichelewa kidogo, kikaburuta, ndipo kikatua. Mjomba alikikodolea macho kidole kile kama deni la marehemu.

"Hicho kidole," alisema, na hayo, ukiacha lile la meza, yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu Jumanne. "Umekitoa wapi?"

"Kwako."

"Changu kilibanwa na mlango wa lori la vyombo. Hakikunjiki."

"Sikujua. Nilidhani ndivyo inavyopigwa."

Jikoni sufuria ikatulia. Mkazamjomba alikuwa ameacha kukoroga ili asikie vizuri.

"Sikukudharau, mjomba. Nilikusikia ukutani. Moja yako haikunifikia."

Mzee akaangalia chai iliyokuwa inapoa. "Marahaba," akasema mwishowe, akiijibu shikamoo ya jana, na jikoni mtu akashusha pumzi kwa sauti.

Lakini Mzee Kofi hakuwa mtu wa kulainika mara mbili kwa siku moja. "La dharau limekwisha," alisema. "La kosa halijaisha. Kosa ni kosa. Unajua kwa nini moja haiguswi? Ukimpisha mtu mlangoni, anaingia vizuri. Ukijazana naye, mnagongana mabega. Bendi yetu imesikika tofauti na bendi zote kwa sababu ya mlango huo mmoja. Kesho nitataja jina. Ukiingia mbili, kiti chako. Ukiingia moja, nampa Daftari. Undugu tuuache nyumbani."

"Besi anataka ule mkono wa dansi ya ukumbini. Ameshautangaza."

"Besi ana gitaa lake. Kiti ni changu."

Sindano alifunga chumba chake cha cherehani saa nne asubuhi, mteja wa gauni la harusi akigonga mlango na kutukana. Aliweka saa ya mezani iliyokuwa na mlio mkubwa, akaifanya ndiyo besi, akajaribu kuingia mbili. Aka! Samaki mkunje angali mbichi, na Sindano alikuwa amekwisha kauka. Mikono iliruka yenyewe kwenye moja. Aliikalia. Aliifunga kwa futi ya kupimia. Alijaribu kuvuta pumzi kwenye moja, akapata kizunguzungu. Mwisho akagundua dawa: kila moja ikifika alimeza mate. Mtu hawezi kumeza na kupiga kwa wakati mmoja, jaribu uone. Moja, meza, mbili, piga. Jua lilipozama koo lilikuwa limekauka na viganja vimevimba, lakini alikuwa anaingia mbili.

Studio ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Kuta zilivikwa magodoro, dirisha moja la kioo kizito lilitenganisha chumba cha wapigaji na chumba cha mitambo. Fundi mitambo, mwanamke mfupi mwenye penseli kwenye nywele, aliwaambia mapema: mwisho saa kumi kamili, baada yenu kuna kwaya. Na kweli, tangu saa tisa kwaya ilikuwa imepanga mstari kwenye ngazi, watu arobaini wanasafisha koo.

Mjomba alikaa upande wa mitambo, mkono wenye bendeji mapajani. Nyuma yake alisimama Daftari katika suruali iliyopunguzwa vizuri, kwa sababu Sindano hata akiwa na hofu hapindi ovyo.

Mara ya kwanza mkono ulimponyoka. Pa! kwenye moja. Nyuma ya kioo mjomba akainua kidole kimoja, na Sindano akaacha kupiga mwenyewe kabla hajaambiwa.

"Una nini?" Besi akauliza.

"Samahani. Tena."

Mara ya pili alimeza vizuri mpaka katikati ya wimbo, mate yakamwishia, akapotea. Besi akavua hedifoni akamwendea, akiinamisha tumbo na gitaa juu ya tumba. "Sikiliza, mdogo wangu. Nimewaahidi watu ule mkono wa ukumbini. Wewe unanipigia mkono niliousikia tangu sina ndevu. Unaogopa nini?"

"Napiga wa mjomba."

Besi akageuka akatazama kioo. Mzee akamtazama Besi. Hakuna aliyepepesa. "Aa," Besi akasema. "Kumbe ndiyo hivyo." Akarudi mahali pake, akavuta uzi wa besi kwa hasira mpaka fundi mitambo akaruka kwenye kiti.

Saa tisa na dakika ishirini na tano wakaanza mara ya tatu. Moja, meza. Mbili, piga. Na safari hii, baada ya kama dakika moja, Sindano alisikia kitu ambacho ukuta haukuwahi kumpa. Akiinua mikono, besi ya yule mtu mnene ilipita katikati, nzima, pana, haijagongwa na mtu, na nyuma yake ndipo tumba zikaingia. Alikuwa akiusikia mlango wa mjomba ukifunguka na kufungwa. Ulikuwa mzuri, wala tusidanganyane. Alielewa kwa nini mzee alinuna siku tatu. Yeye angenuna mwezi. Akapiga mpaka mwisho bila kukosea pahala, kidole cha pete kikichelewa kila palipohitajika, na alipomaliza machozi yalikuwa yamefika kidevuni.

Mpiga dramu akashusha vijiti vyake polepole. Kupitia kioo walimwona mjomba akimwambia fundi mitambo kitu, na wimbo ukaanza kurudi kwenye hedifoni zao. Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho. Kichwa hakikutikisika. Wimbo ulipokwisha akasogea kwenye maikrofoni ya fundi mitambo, akabonyeza kitufe, na sauti yake ikaingia masikioni mwa kila mtu.

"Futa."

Sindano akahisi kiti kinazama. "Nimeingia mbili, mjomba! Nimeingia mbili mwanzo mpaka mwisho!"

"Umeingia mbili. Ndiyo maana nasema futa." Akakohoa. "Huyo uliyempiga namfahamu. Nina rekodi nane zake nyumbani, na mke wangu amezichoka. Nilipofumba macho sikukuona humo, mpwa wangu. Nimetafuta sana. Piga ule wa ukumbini."

Besi akapiga kelele ya furaha, gitaa likagonga stendi. Lakini Daftari, maskini, mtu wa kusema kweli, alikuwa ameshasogea kwenye kitufe. "Mzee, ule si mkono! Ule ni kosa! Alikusikia ukutani, hakujua moja iko wapi. Hakubuni kitu. Hata yeye mwenyewe amekiri."

Hapo chumba kikamgeukia Sindano. Mpiga tarumbeta akamtazama, mpiga dramu akamtazama. Besi akafungua mdomo. "Kosa?" akasema. "Yaani siku ile ulikuwa umepotea?"

"Nilikuwa nimepotea," akajibu. Uso wote ulikuwa moto. Nje kwenye ngazi mtu wa kwaya alikuwa akijaribu sauti, *laaa*, *laaa*, na hakuna aliyecheka.

Mjomba hakuuondoa mkono wake mzima kwenye kitufe. "Daftari hajasema uongo," alisema. "Mimi sijamfundisha adanganye. Sasa na mimi niseme langu." Akaiinamia maikrofoni. "Nilikuwa namsikia. Miaka yote hiyo. Nikipiga, upande wa pili meza inajibu. Siku nyingine nilikuwa nimechoka, nataka kwenda, halafu namsikia, nakaa tena. Mlango wake uko hatua sita. Sita, nimezihesabu. Sikwenda hata siku moja nikamwambia, mwanangu, moja iko hapa. Nilijiambia nalinda mikono yake. Uongo. Niliogopa kuona ni mzuri kiasi gani." Akafuta uso kwa bendeji. "Amejenga nyumba juu ya kosa langu, na nyumba imesimama. Nani anataka niibomoe?"

Daftari akaangalia viatu vyake. Alikuwa mtu wa haki, na haki ilikuwa imemuuma. Akatoka upande wa mitambo, akaja kusimama ndani ya chumba cha wapigaji, mgongo kwenye godoro, na daftari chini ya kwapa.

"Dakika kumi na mbili," fundi mitambo akasema.

Sasa mnadhani ilikuwa rahisi? Thubutu! Mwanzo Sindano aliigusa moja kwa kutojua, na asiyejua hana lawama. Sasa alijua. Alijua kila pigo la kwanza litatua pale palipoandikwa usiguse, mbele ya macho ya aliyeandika. Mkono aliokuwa nao tangu usichana ulikuwa hauna tena pa kujificha. Akamtazama mjomba kupitia kioo, akitafuta japo nyusi za kumpa ruhusa. Mzee hakumpa kitu. Uso ulikuwa mkavu, na macho hayakumwacha.

Fundi mitambo akahesabu kwa vidole. Nne. Tatu. Mbili.

Hakumeza. Alishusha viganja vyote viwili kwenye moja, pamoja na besi, bega kwa bega, na nyuma ya kioo akamwona mjomba akijikunja kama mtu aliyemeza dawa chungu. Karibu aache. Akamuumiza tena kwenye moja iliyofuata, na iliyofuata. Kabla ya kila moja aliacha shimo lake, na mpiga dramu, aliyejua sasa kwamba shimo lipo, alianza kulichezea pembeni. Besi akawa anacheka wazi. Tarumbeta ikaingia, ikajikwaa, ikasimama, ikapenda kujikwaa. Sindano alipiga kwa kujua. Mkono ulikuwa mzito kuliko siku ya ukumbini, na una uchungu ndani yake, na haukuwa wa mtu mwingine. Daftari alikuwa anahesabu kwa mguu, kwa mazoea. Alipofika kwenye nne mguu ukakosa pa kukanyaga, akayumba.

Walipomaliza ilikuwa saa kumi kasoro dakika moja. Fundi mitambo akainua dole gumba. Mlango wa mitambo ukafunguka, mjomba akaingia akitembea taratibu kati ya nyaya, na Sindano akaruka kutoka kwenye kiti kama ilivyo adabu mkubwa akiingia.

"Inaniudhi," mjomba akasema.

"Najua, mjomba."

"Kila moja imenichoma hapa." Akajigusa kifuani. "Hata nikiizoea, itaniudhi. Usije ukaniuliza kama nimeipenda."

"Sitakuuliza."

"Na vidole vyako vyote ni vizima. Kile cha pete kiache kikunjike." Akavuta pumzi. Kwaya ilikuwa imeanza kuingia mlangoni, watu na mafaili yao, wakiuliza kama ni zamu yao. "Sasa umesimamia nini? Kaa."

"Kaa wewe, mjomba. Umechoka."

"Nikae wapi? Hicho ni chako."

Sindano akakaa. Mjomba akabaki amesimama, maana chumba kile hakikuwa na kiti kingine.